Jinsi ya kuchambua siasa bila kuchanganya unachotaka na unachokiona

Alhamisi ya tarehe 4 Agosti 2022, siku tano kabla ya Wakenya kupiga kura, niliketi mbele ya maikrofoni katika kituo kimoja cha redio hapa Mombasa nikasema Raila Odinga atapata asilimia 54. Sikusema huenda. Sikusema nadhani. Nilisema "atapata", na mtangazaji aliponiuliza kama nina hakika, nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu wa hesabu, sibahatishi. Jumatatu ya tarehe 15 Wafula Chebukati, aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akasimama Bomas, Nairobi, kura zilikojumlishiwa, akatangaza: William Ruto 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Asilimia 50.49 kwa 48.85.

Mpwa wangu anakaa Mathare, Nairobi. Alikuwa amenisikiliza, na kwa kuwa shangazi yake alisema 54, matokeo yale kwake hayakuwa na maelezo mengine ila wizi. Jioni ile alitoka na wenzake kwenda barabarani. Nilimpigia simu mpaka alfajiri, imezimwa. Asubuhi akapatikana, mzima, Alhamdulillahi. Lakini usiku ule nilijiuliza swali ambalo sijaacha kujiuliza hadi leo: kama angeumia, ni nani aliyemtoa nyumbani?

Kuanzia hapo nilibadili namna ninavyofanya kazi hii. Vijana wanaoanza uchambuzi wameniomba niwaandikie ninavyojiandaa kabla ya kuingia hewani. Ninawaandikia kwa moyo wote, kwa sababu najua wanaowasikiliza ni akina nani.

Safu tatu

Nunua daftari la karatasi. Usiandike kwenye simu, maana kwenye simu utafuta. Tumia kalamu ya wino, na kila unapoandika utie tarehe. Chora mistari upate safu tatu. Ya kwanza: ninachotaka. Ya pili: ninachotarajia. Ya tatu: nikiona nini nitabadili mawazo.

Safu ya kwanza ndiyo watu wengi huiruka, na kwangu ndiyo muhimu kuliko zote. Mchambuzi akiulizwa yuko upande gani husema hana upande. Mimi ninao. Nilimpenda Raila tangu nilipokuwa mwalimu kijana, nikamlilia alipofariki Oktoba 2025. Hamu usiyoiandika haiondoki, hujificha ndani ya hesabu zako, na huko huwezi kuikamata. Ukishaiandika kwenye safu yake, unapofika safu ya pili unaweza kujiuliza: hili nimeliona, au ni lile la kwanza limevuka mstari?

Ukigeuza kurasa za mwaka mzima ukakuta safu ya kwanza na ya pili zinafanana kila mahali, simama. Nilirudi kwenye vipande vya karatasi nilivyoandikia hoja za redioni tangu 2020, na karibu kila nilichotarajia ndicho nilichotaka.

Safu ya tatu inataka uandike kitu kinachoweza kutokea na kinachoonekana kwa macho. "Nikiona wananchi wamebadilika" haifai, kwa sababu hutakiona hata siku moja. "Nikiuliza wanawake kumi sokoni Kongowea, na watano wakasema siku hiyo hawatoki" inafaa. Ukiandika hivyo, umejifunga. Watano wakipatikana huwezi kusema walikuwa wachache.

Zile sehemu 12

Acha nikuonyeshe nilivyoipata ile 54, maana sikuiokota. Siku mbili kabla ya kipindi, Ipsos, kampuni ya utafiti, walikuwa wametoa kura ya maoni: Raila 47, Ruto 41. Infotrak na TIFA nao, majuma yale, walimweka Raila mbele. Nikachukua 47 na 41, nikajumlisha, 88. Nikagawanya 47 kwa 88. Inatoka 53.4. Nikaipandisha hadi 54 kwa sababu nilikuwa nimetoka kwenye mkutano wa kampeni uwanjani Tononoka, hapa Mombasa, na moyo wangu ulikuwa juu.

Kugawanya nilijua. Kosa lilikuwa zile sehemu 12 nilizozitupa. Ndani yake walikuwemo wachache wa wagombea wadogo, na waliobaki ni watu waliosema hawajaamua au waliokataa kujibu. Kwa kuwatoa vile nilikuwa nimedai, bila kujua, kwamba wasiojibu wanafanana na waliojibu. Nani aliniambia hivyo? Hakuna. Nilitaka iwe hivyo.

Sasa weka matokeo kando ya kura ya maoni. Raila alitoka 47 akaishia 48.85. Ruto alitoka 41 akaishia 50.49. Yaani Ipsos walimpima Raila karibu sawasawa. Walichokosa ni Ruto, na walimkosa ndani ya kimya kile nilichokifuta kwa mstari mmoja wa kalamu. Nina dhana kuhusu sababu yake: mwaka ule rais aliyekuwa madarakani, Uhuru Kenyatta, alikuwa upande wa Raila, na mtu wa kawaida hapendi kumwambia mgeni anayemhoji kwamba anaipinga serikali. Hiyo ni dhana, ichukue hivyo. Lakini tarakimu ni hizo.

Kwa hiyo ukisoma kura ya maoni, anza chini kabisa, kwa wasiojibu. Kama pengo kati ya wagombea wawili ni 6 na wasiojibu ni 10, mshindi hayupo bado. Kisha fanya hesabu mara tatu. Wagawe wasiojibu kwa uwiano, kama nilivyofanya mimi. Wagawe nusu kwa nusu. Halafu, na hapa mkono utakataa, wape wote yule usiyemtaka. Kama mshindi anabadilika kati ya hesabu ya kwanza na ya tatu, ndivyo utakavyowaambia wasikilizaji, kwa maneno hayohayo. Ningefanya hesabu ya tatu, hata baada ya kuwaachia wagombea wadogo wachache wao, ningepata Ruto mbele ya Raila. Ningejua kwamba asilimia 54 yangu imesimama juu ya mchanga.

Mama wa mahamri

Karibu na kivuko cha Likoni, upande wetu, kuna mama anayeuza mahamri na mbaazi alfajiri. Julai ile ya 2022 nilimuuliza atampigia nani. Akanijibu, akimtaja Raila kwa jina lake la mapenzi: "Baba, mwingine nani? Lakini Mwalimu, siku hiyo mimi sipangi foleni. Nikipanga, mahamri atakaanga nani?" Nikacheka, nikalipa, nikarudi nyumbani nikaandika: Likoni, mwanamke, Raila.

Sikuandika foleni.

Nimelifikiria jambo hili kuliko lolote lingine katika maandishi haya. Sikudanganywa. Sikukosa habari. Nililetewa habari mkononi, pamoja na mahamri ya moto, nikachukua nusu niliyoipenda na nusu ya pili nikaiacha pale pale mezani. Watu hudhani mchambuzi anayeota ni yule asiyetoka nje. Mimi nilitoka kila siku. Nilivuka feri, nilikaa vibarazani, nilikunywa kahawa na wazee wa Mji wa Kale. Na bado nilikuwa mbali na nilichokuwa nikikisikia.

Mombasa ilikuwa na wapiga kura 641,913 kwenye sajili mwaka ule. Waliojitokeza ni kama 44 katika kila mia. Nchi nzima ilikuwa karibu 65. Mwenye mahamri hakuwa peke yake, walikuwa zaidi ya nusu ya mji.

Tangu hapo nauliza hivi. "Utampigia nani" huja mwisho. Kwanza namwambia mtu anisimulie mara ya mwisho alivyopiga kura. Kituo gani? Alifika vipi? Nilisimamia kituo cha kupigia kura mwaka 2013 na tena 2017, na najua kwamba aliyepiga kura ana kisa: aliamka saa tisa usiku, jua lilimkuta uwanjani, mzee fulani alipelekwa mbele ya foleni, wino ulikaa kidoleni wiki nzima. Mtu huyo atarudi. Asiye na kisa, hata akiapa, mwekee alama ya kuuliza. Kisha tazama kura ile inamgharimu nini. Kibarua wa bandarini akikosa siku, hana mshahara wa siku hiyo. Kijana aliyejiandikisha kwao Kilifi na kazi yake iko Mombasa analipa nauli ya kwenda na kurudi. Mwenye duka hana wa kumwachia. Mapenzi kwa mgombea ni kitu kimoja, na riziki ya siku ni kitu kingine, na tarehe 9 Agosti viligombana majumbani kwetu.

Tuliposhindwa nilikuja na ndoto ya pili, na hii ilinikaa zaidi kwa sababu ilikuwa tamu na ya majonzi. Nilisema: Pwani ililala, ingeamka tungeshinda. Nikaongeza kwamba tume iliahirisha uchaguzi wa gavana Mombasa na Kakamega siku moja kabla, kwa makosa ya karatasi za kura, ukafanyika tarehe 29, na watu wakakosa hamu ya kutoka. Hilo la kuahirishwa ni kweli lilitokea. Nikalirudia wiki mbili hewani.

Halafu nikakaa na kalamu. Mombasa, Raila alipata kama 161,000 na Ruto kama 113,000 na ushei. Tofauti ni 47,000 hivi. Sasa chukulia Mombasa ingetoka kwa asilimia 65 kama nchi nzima, na watu wakagawanyika vilevile. Zidisha 47,000 kwa 65, gawanya kwa 44. Unapata 69,000 na kitu. Kwa hiyo Raila angeongeza kama kura 22,000 juu ya Ruto. Pengo la nchi nzima lilikuwa 233,211. Nikafanya vivyo hivyo kwa Kilifi na Kwale. Ukijumlisha zote tatu, hazikufika nusu ya pengo.

Usingizi wa Pwani ni kweli. Kwamba ndio uliomwangusha Raila, si kweli. Kila ukisikia "laiti fulani wangefanya hivi", chukua kalamu uulize: kura ngapi? Mara nyingi utakuta hakuna aliyewahi kuhesabu.

Mikutano na wakubwa

Kuhusu mikutano sitakaa sana. Uwanja ukijaza watu elfu kumi, hiyo haifiki watu wawili katika kila mia ya sajili ya Mombasa, na baadhi yao utawaona wiki inayofuata kwa mpinzani na fulana nyingine. Picha ya uwanja uliojaa ni picha ya uwanja.

Kigogo anapomuunga mtu mkono, hapo kaa. Mwaka 2022 sisi wachambuzi tulichukua ramani, tukaipaka Mlima Kenya rangi ya Azimio, muungano wa Raila, kwa sababu Uhuru amesema hivyo na Martha Karua ndiye mgombea mwenza. Mpiga kura wa Mlima hatukumuuliza. Yeye alikuwa ameambiwa kwa miaka, na Uhuru huyohuyo, kwamba Raila ni hatari, na kwamba baada ya Uhuru zamu ni ya naibu wake, Ruto. Alipiga kura hivyo 2013, akapiga hivyo 2017 mara mbili, kwa kuwa uchaguzi ulirudiwa. Sasa akaambiwa geuka. Alikataa. Kiambu, nyumbani kwa Uhuru, Ruto alichukua karibu robo tatu ya kura. Kirinyaga kwa Karua ilikuwa zaidi ya hapo.

Swali la kuuliza basi ni hili: wafuasi hawa wamewahi kumfuata kigogo huyu kwenda mahali wasipopataka? Lini? Wangapi? Kama jibu ni kwamba siku zote aliwapeleka walikokuwa wakielekea tayari, basi hujui bado nani alikuwa akimfuata nani.

Ushindi ni nini hapa?

Februari 2025, Raila alipogombea uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika, vibaraza vyetu vilikuwa vimeshamwapisha. Tulihesabu marais waliompokea, picha alizopigwa nao, mikono waliyompa. Nilitaka ashinde, safu ya kwanza inasema hivyo kwa herufi kubwa. Lakini safari hii kabla ya safu ya pili niliandika kanuni. Kura ni ya siri. Mshindi hahitaji kuongoza tu, anahitaji theluthi mbili, yaani kura 33. Nikaandika nafasi yake: tano kati ya kumi. Kwenye simu za wasikilizaji niliitwa msaliti, na iliniuma.

Tarehe 15 kule Addis Ababa, duru ya kwanza ilipotoka Raila akiwa na 20, Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti 18 na Richard Randriamandrato wa Madagaska 10, mtaani kwetu watu walipiga vifijo. Duru ya pili Raila akaongoza tena. Kisha upepo ukageuka, na duru ya saba Youssouf akafikisha 33. Aliyekuwa ameandika kanuni ile asubuhi alijua kwamba 20 si ushindi, ni safari ndefu iliyobaki. Aliyekuwa hajaiandika alifurahi saa moja akaumia mwaka.

Fanya hivyo kwa kila uchaguzi. Rais wa Kenya anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, na robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Ni sentensi moja. Iandike juu ya ukurasa hata kama unaijua kwa moyo, kwa sababu siku ya msisimko utaisahau.

Kukata tamaa nako ni kuota

Msinielewe vibaya, wanangu, mkadhani dawa ya matumaini ni kutegemea mabaya kila siku. Kuna mchambuzi anayesema "Kenya ni ileile, hakuna kitakachobadilika", na watu humwona mwenye busara kwa sababu uso wake hauna furaha. Naye haangalii. Amechagua jibu kabla ya swali, sawa na yule wa vifijo.

Agosti 2017 nilimwambia mpwa wangu huyohuyo kwamba Mahakama ya Juu haiwezi kufuta ushindi wa rais aliye madarakani, haijawahi kutokea Afrika, asipoteze muda wake. Ijumaa ya tarehe 1 Septemba, Jaji Mkuu David Maraga akaufuta, majaji wanne kwa wawili. Nilikuwa jikoni, nikakaa chini. Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja wa malalamiko yaliyowasilishwa. Nilikuwa nimesoma moyo wangu uliochoka, nikauita uzoefu.

Juni 2024 tena. Wachambuzi wengi walisema vijana wa simu hawatatoka kwenye simu. Walitoka kupinga kodi mpya. Tarehe 25 Bunge likapitisha Mswada wa Fedha na waandamanaji wakaingia ndani ya majengo yake, na watu wakauawa. Tarehe 26 rais akasema hatautia sahihi. Tarehe 11 Julai akavunja karibu Baraza zima la Mawaziri. Hapo wachambuzi walewale waliosema vijana hawatatoka wakaanza kuhesabu wiki: serikali imebakiza mbili, imebakiza tatu. Kabla Julai haijaisha, watu wa chama cha Raila, akiwemo Hassan Joho wetu wa hapa Mombasa, walikuwa wametajwa kuwa mawaziri, na serikali ikaendelea. Ndani ya mwezi mmoja watu walewale walikosea pande zote mbili, na sikumsikia hata mmoja akirudi kusema nilikosea.

Rudi useme. Kila mwisho wa mwezi mimi husoma hewani nilichoandika mwezi uliopita na kilichotokea. Dakika tatu tu. Mwanzoni mtangazaji hakupenda, alisema itawapunguzia wasikilizaji imani. Sijui kama imepungua. Najua kwamba wanaopiga simu sasa huniuliza "umeonaje" badala ya "tutashinda?"

Kiambishi kimoja

Lugha yetu imetupa viwango vingi vya kusema jambo lijalo, na sisi tunatumia kimoja. Atashinda. Wataanguka. Hawatarudi. Hilo -ta- ni rahisi mdomoni na linakupa heshima ya nabii. Lakini kuna huenda akashinda. Kuna yamkini. Kuna akipata Magharibi nzima atashinda, ambayo tayari inamwambia msikilizaji aangalie wapi. Kabla ya kipindi napitia hoja zangu nikizungushia kila -ta- duara. Kila duara linadai sharti: kama nini? Lisipopata sharti, nalibadilisha.

Angalia pia "wananchi wamesema", "kila mtu mashinani anajua", "hesabu ziko wazi". Ukiyakuta kwenye karatasi yako, andika pembeni: wananchi wangapi, nani amehesabu. Na methali. Tunapenda kufunga mjadala kwa "lisemwalo lipo" au "dalili ya mvua ni mawingu". Mtoto wa Pwani hapaswi kusema hii ya pili kwa wepisi, tumeona mawingu mangapi yakitupita kwenda kunyesha Taita.

Badala ya "bila shaka" mimi husema kati ya kumi. Saba kati ya kumi Ruto, tatu Raila. Msikilizaji anaelewa kabisa, kwa sababu mcheza bao anaelewa, mvuvi anaelewa. Na yule wa tatu akishinda, mpwa wako hatadhani dunia imepinduka. Atakumbuka kulikuwa na tatu.

Na kama kweli wameiba?

Hili linaulizwa kila mara, na si swali la kupuuzwa katika nchi hii. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa katika ghasia, na tume ya Jaji Kriegler ikahitimisha kwamba kura zilivurugwa kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Mwaka 2017 mahakama iliona kasoro za utumaji matokeo ikafuta uchaguzi. Wizi na uvurugaji si ndoto ya mtu aliyeshindwa.

Ndiyo maana lazima uweze kuutenganisha na kushindwa. Kazi hiyo huanza kituoni. Kura zinahesabiwa darasani, mbele ya maajenti, msimamizi anajaza fomu 34A, maajenti wanatia sahihi, nakala inabandikwa mlangoni. Nimezijaza fomu hizo kwa mkono wangu saa sita usiku, kwa taa ya simu, na najua uzito wake. Mwaka 2022 kulikuwa na vituo 46,229, na picha za fomu hizo ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, kila mtu azione. Mchambuzi anayesema kura zimeibiwa alete fomu: kituo gani, ya mlangoni inasemaje, ya tovuti inasemaje. Kabla ya kusema lolote baada ya tarehe 15 nilipaswa kufungua fomu za vituo vya kata yangu na kulinganisha na picha walizokuwa nazo maajenti ninaowajua. Nilifanya hivyo wiki moja baadaye. Vituo kumi na viwili, vyote vililingana. Hiyo haikuthibitisha nchi nzima, na sikusema hivyo. Lakini nilimpigia mpwa wangu nikamwambia nilichokiona, na nikamwambia ile 54 nilikosea mimi. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza niliipata wapi. Nikamweleza kuhusu zile sehemu 12.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Ukurasa wa Likoni nimeshaufungua. Wiki iliyopita nilipita kwa mama wa mahamri, sasa binti yake anamsaidia kukaanga. Nikamwambia anisimulie mara ya mwisho alipopiga kura. Akasema ni 2013, shule ile ya juu, alisimama na mtoto mgongoni. Na safari hii? Akageuza mahamri, akafikiri. "Sijui, Mwalimu. Kweli sijui." Nilipofika nyumbani nikatia tarehe, nikaandika: mwanamke, ana kisa cha 2013, ana msaidizi sasa, hajui.